Gesi, umeme au mchanganyiko: kuchagua jiko la nyumbani

Ukiingia duka la majiko pale Kariakoo, muuzaji atakuuliza kwanza: pleti ngapi? Nilipokwenda kununua jiko langu la kwanza la kusimama nilijibu "nne", nikalipa, nikalipakia kwenye kirikuu. Jioni ile niliweka sufuria ya ugali juu ya pleti kubwa, na hapo nikaona kwamba pleti mbili za jirani zimefunikwa na tumbo la sufuria. Jiko lilikuwa la sentimita 50 kwa 50. Pleti nne nilizolipia zilikuwa mbili kila nilipopikia watu zaidi ya wanne.

Tangu siku hiyo nimepikia majiko ya aina zote nne nitakazozilinganisha hapa, kwanza kwenye nyumba ya kupanga Tanga, baadaye Dar es Salaam. Nimewasindikiza dukani ndugu na majirani wengi, hasa sasa ambapo watu wengi wanaacha mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Maana yake ni kwamba kuna kina mama na kina baba wengi wanaonunua jiko la namna hii kwa mara ya kwanza, na wanachanganyikiwa.

Majiko yenyewe ni haya:

- Gesi tupu: jiko la kusimama lenye pleti nne au tano za gesi, na oveni ya gesi.
- Mchanganyiko: la kusimama lenye gesi tatu na umeme moja, na oveni ya umeme. Yapo pia ya gesi nne yenye oveni ya umeme.
- Umeme tupu: pleti za chuma, za kioo au za indaksheni (zinazopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku), na oveni ya umeme.
- La mezani na vyombo vya pembeni: jiko la gesi la pleti mbili au tatu juu ya meza, oveni ndogo ya umeme kando yake, na pengine presha kuka ya umeme.

Nitayapima kwa mambo sita: sufuria na chakula chako, nyaya za nyumba, gharama ya mwezi, oveni, usalama, na spea. Mawili ya kwanza nayapa uzito kuliko mengine, kwa sababu bei ya gesi hupanda na kushuka, lakini sufuria zako na ukuta wako utabaki nao.

## Sufuria zako na chakula chako

Jaribio la kwanza ni ugali. Kusonga ugali wa watu sita kunataka moto mkali, sufuria isiyohama, na kimo kinachouruhusu mkono kushuka. Majiko ya kusimama huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Weka juu yake sufuria yenye kina, na mtu mfupi atasonga huku kiwiko kikiwa usawa wa bega. Ukifanya hivyo kila siku utaumwa. Dukani hakuna anayekuambia hili, kwa hiyo beba sufuria yako ya ugali na mwiko wake, uiweke juu ya jiko, uigize kusonga. Watu watakuangalia. Waache waangalie.

*Gesi tupu.* Pleti kubwa ya jiko la kawaida hutoa kilowati 3 hivi, ya kati karibu 1.75, na ndogo 1. Yale ya pleti tano huwa na moja ya katikati yenye pete mbili au tatu za moto, inayofika kilowati 3.5 au 4, na hiyo ndiyo ya pilau na ya karai la maandazi. Moto wa gesi haubagui chombo: sufuria ya aluminiamu, chungu, karai la mviringo, vyote vinapika. Kagua vyuma vinavyokalia sufuria. Vikiwa vizito, vya chuma cha kusubu, vitavumilia mwiko. Vikiwa vya waya mwembamba vitapinda mapema. Halafu washa pleti ndogo, ipunguze hadi mwisho, uone kama moto unabaki umetulia bila kuzimika. Wali unaokauka taratibu unautegemea moto huo.

*Mchanganyiko.* Pleti za gesi ni zilezile. Pleti moja ya umeme ni nzito kupata moto na nzito kupoa, ila ni nzuri kwa maharage yanayochemka polepole na kwa kupashia chakula. Kazi yake kubwa, niseme ukweli, ni usiku ule gesi inapoisha katikati ya mapishi.

*Umeme tupu.* Pleti za chuma zinataka uzoefu. Wali nauzima dakika kadhaa kabla haujakauka, kwa sababu joto lililobaki linamalizia. Sufuria lazima iwe na kitako bapa. Indaksheni ni habari nyingine: inawahi kuchemsha maji kuliko zote, na ukipunguza moto unapungua papo hapo. Lakini inakubali chombo kinachonaswa na sumaku tu. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye sufuria zako. Zile za aluminiamu, ambazo ndizo zimejaa majumbani mwetu, hazitapata moto kabisa. Kikaango kizito cha chuma cha kupikia chapati kitafanya kazi vizuri. Hesabu basi bei ya sufuria mpya pamoja na bei ya jiko. Kuhusu ugali, kioo kinateleza, na mwiko wa nguvu unaizungusha sufuria. Inabidi mkono mmoja uishike kwa kitambaa muda wote.

*La mezani.* Faida ambayo wengi hawaioni ni kwamba kimo unakichagua mwenyewe. Mimi nililiweka langu juu ya kimeza cha sentimita 60, na kusonga kukawa rahisi kama nilivyozoea kwenye jiko la mkaa. Tatizo lake ni wepesi: linatembea ukisonga. Tafuta lenye miguu ya mpira, au lisukume ligote ukutani.

## Nyaya za nyumba

Soketi ya kawaida ya pini tatu mwisho wake ni amperi 13, yaani kilowati 3 hivi. Kumbuka namba hiyo.

Gesi tupu inahitaji umeme kidogo sana, wa cheche za kuwashia na taa ya oveni. Umeme ukikatika unawasha kwa kiberiti.

Mchanganyiko ndio unaodanganya watu. Oveni yake hula kilowati 2 hadi 2.5, na peke yake inatosha kwenye soketi. Pleti ya umeme inaongeza 1 hadi 1.5. Ukiwasha vyote viwili umevuka kiwango. Tukiwa Tanga nilikuwa naoka keki huku maharage yakichemka kwenye pleti ya umeme, na jiko limechomekwa kwenye ekstensheni. Nilistushwa na harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikagandana na ekstensheni, na watoto walikuwa wamekaa pale chini. Sijaisahau siku ile. Jiko la mchanganyiko liwekee waya wake, au ujizuie kabisa kuwasha oveni na pleti kwa pamoja. Ekstensheni usiitumie.

Umeme tupu wenye pleti nne na oveni hufika kilowati 7 hadi 10. Huo unataka waya wake kutoka kwenye boksi kuu, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, sakiti breka yake ya amperi 32 na swichi yake ukutani. Kama unajenga sasa, mwambie fundi umeme aupitishe kabla ya plasta, hata kama huna hela ya jiko hilo. Kama umepanga, ongea kwanza na mwenye nyumba. Indaksheni ndogo ya pleti moja, ya kilowati 2, haina shida. Inatosha kwenye soketi nzuri.

La mezani halidai kitu, mradi oveni ndogo na presha kuka zisichomekwe soketi moja.

## Gharama ya mwezi

Hapa watu hubishana sana, na kila mtu ana jirani aliyefilisiwa na umeme. Hesabu yake ni fupi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya yuniti 13 hivi za umeme. Lakini moto wa gesi hupitia pembeni mwa sufuria, na karibu nusu yake unapasha hewa ya jikoni. Indaksheni inaingiza kwenye chakula asilimia 85 hivi ya inachokula, na pleti ya chuma kama 70. Kwa hiyo kilo moja ya gesi ni sawa na yuniti 7 au 8 za indaksheni, au 9 za pleti ya chuma.

Sasa weka bei zako. Tuseme mtungi wa kilo 15 unajazwa kwa shilingi 57,000. Kilo moja ni 3,800. Aliye kwenye kundi la T1, la wateja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulipa bei ya msingi ya shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika 356 kwa yuniti. Mara 8 ni 2,848. Mara 9 ni 3,204. Kwa bei hizo umeme umeshinda, na umeshinda hata kwa pleti za chuma. Gesi ikishuka, hesabu inageuka. Msomaji wa Kenya aweke mtungi wake wa kilo 13 na bei ya tokeni zake.

Lakini aliye kwenye D1, kundi la nyumba zenye matumizi madogo, awe mwangalifu. Yuniti zake 75 za kwanza za mwezi zina bei ya msingi ya shilingi 100, zinazozidi ni 350, na anayezidisha mwezi hadi mwezi anaweza kuhamishiwa T1. Kupikia umeme kila siku kutakuvusha 75 bila shaka. Kwa nyumba kama hiyo gesi hulinda ile bei nafuu ya taa na friji.

Kwa mpangilio huo: gesi tupu inafuata bei ya mtungi, umeme tupu unafuata LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mchanganyiko unakupa nafasi ya kuhama mwezi wowote, na la mezani linakupa nafasi hiyohiyo kwa mtaji mdogo. Presha kuka ya umeme ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote: maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa nusu yuniti hivi. Kwenye gesi maharage hayohayo yalikuwa yakinilia saa mbili za moto.

## Oveni

Kwetu Pwani mkate wa kumimina uliokwa kwa moto juu na chini: sufuria juu ya makaa, mfuniko wa bati, na makaa mengine juu ya mfuniko. Mwenye kuujua mkate huo tayari anajua jinsi ya kukagua oveni. Swali ni moja: moto wa juu na wa chini vinawaka pamoja, na unaweza kuvipima?

Oveni ya gesi ina moto chini. Grili ya juu ipo, ila kwenye majiko mengi ya bei ya kawaida haiwaki pamoja na moto wa chini. Kitako cha keki kinaungua huku juu pakiwa peupe. Dawa yake ni kupandisha sinia safu ya juu na kuweka bamba tupu chini yake. Moto wa gesi pia hutoa mvuke, kwa hiyo kuku na samaki wa kuoka hawakauki. Inakula gramu 150 hadi 200 za gesi kwa saa. Umeme ukikatika kazi inaendelea, na kwa mwenye oda ya keki za harusi kesho asubuhi hilo si jambo dogo.

Oveni ya umeme, iwe ya mchanganyiko au ya umeme tupu, ina nondo za kutoa joto juu na chini na swichi ya kuchagua. Zenye feni husambaza joto hata ukioka sinia mbili za vileja kwa pamoja. Hula yuniti moja hadi moja na nusu kwa saa, maana themostati, kifaa kinacholinda kiwango cha joto, huwasha na kuzima. Kwa biskuti na keki mimi nachagua hii bila kusita, ila umeme ukikatika keki ikiwa imeanza kuumuka, imeharibika.

Oveni ndogo ya mezani, ya lita 35 hadi 60, ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Inapata moto haraka na haikulazimishi kupasha chumba kikubwa kwa ajili ya mkate mmoja. Ubaya wake ni ufinyu: nondo ziko karibu na chakula, juu panaungua upesi. Nenda na sinia lako.

Kwa zote, nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Kitufe kikisema 180 ndani panaweza kuwa 200, na wengi tumelaumu mapishi yetu bure.

## Usalama

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Pawe na upenyo chini, au mtungi ukae nje ukiwa wima. Mpira usipite nyuma ya oveni. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzimia taa. Haya yanahusu gesi tupu, mchanganyiko na la mezani kwa pamoja.

Kwa majiko ya kusimama tafuta kifaa kinachokata gesi moto ukizimika. Utakijua hivi: baada ya kuwasha unalazimika kukishikilia kitufe sekunde chache ndipo moto ubaki. Majiko mengi ya mezani hayana. Na ule mfuniko wa kioo usiufunge pleti ikiwa bado ya moto. Kioo hupasuka kwa kishindo.

Umeme tupu hauna hatari ya kuvuja, lakini pleti ya chuma hubaki na moto muda mrefu bila kuonekana, na mkono wa mtoto haujui. Indaksheni ina nafuu hapo, kioo chake kinapata joto la sufuria tu. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, uwepo na upimwe na fundi, kwa majiko yote yenye umeme.

## Spea, kutu na panya

Gesi tupu na la mezani, fundi yeyote wa mtaani anaziweza: vitufe, nozeli (vitundu vya kutolea gesi) zilizoziba, mpira. Pleti ya chuma ya umeme hubadilishwa kwa urahisi, na themostati ya oveni hupatikana. Indaksheni ikiungua bodi kwa umeme unaopanda na kushuka, mara nyingi bei ya kuitengeneza inakaribia ya kununua nyingine. Wanaoishi karibu na bahari watazame chuma cha nyuma na chini, si cha mbele kinachong'aa, kwani kutu huanzia huko. Na kwa majiko yote ya kusimama: panya hupenda sufi inayozunguka oveni. Ziba mashimo ya ukuta kabla jiko halijaingia.

## Kwa hali yako

Umepanga na unahama kila baada ya mwaka au miwili: la mezani. Linabebeka, halidai waya, na ukiongeza presha kuka umepunguza gesi sana. Kama huoki, oveni iache kwanza.

Familia kubwa, wageni kila Jumapili, ugali na pilau: gesi tupu ya sentimita 60 kwa 90 kama nafasi ipo, au 60 kwa 60. Yale ya 50 kwa 50 yanawafaa watu wawili au watatu wenye sufuria ndogo. Mwenye kimo kifupi aweke kijukwaa imara cha kusimamia, au abaki na pleti iliyo chini, pembeni, kwa ajili ya ugali.

Unaoka keki za kuuza: mchanganyiko wenye gesi nne na oveni ya umeme yenye feni, na waya wake. Mtaani kwenu umeme ukikatika mara kwa mara, oveni ya gesi itakutunzia wateja.

Nyumba yako mwenyewe, uko T1, nyaya ni nzuri, na mapishi ni ya watu wachache: umeme tupu una nafuu ya kweli, hasa indaksheni. Baki na pleti moja ya gesi na mtungi wa kilo 6 kwa siku za giza.

Uko D1 na matumizi yako ni madogo: gesi kwa mapishi ya kila siku, umeme kwa maharage tu.

Umepata jiko la mtumba, au ndugu yako anakuletea kutoka Uingereza: uliza nozeli zake. Majiko mengi ya huko yametobolewa kwa gesi asilia ya bomba, na matundu yake ni makubwa. Ukiliunga na mtungi moto unakuwa mrefu, wa manjano, unaotia masizi. Nozeli za gesi ya mtungi zinabadilishwa kwa dakika chache kama zipo, kwa hiyo kabla jiko halijapakiwa, mpe fundi wako jina na namba yake ya modeli atafute sokoni kama atazipata.